Kisima Kabla ya Jua: Shajara ya Pampu ya Sola katika Shamba la Kikundi, Mambrui

Shajara hii inawekwa kwa ajili ya vikundi vya wakulima wa pwani ya kaskazini ya Kenya ambavyo vina kisima, havina umeme wa gridi, na vimeshawishika kununua paneli. Kazi za kawaida zimetajwa kwa ufupi, kwa kuwa fundi yeyote mwenye leseni anazijua. Nafasi kubwa imepewa mambo yaliyotugharimu mara mbili.

9 Novemba 2024: Kisima kinapimwa

Shamba liko kati ya Mambrui na Gongoni, yapata kilomita moja na nusu kutoka ufukweni, katika ardhi ya mchanga iliyolala juu ya mawe ya matumbawe. Wanachama wamekuwa wakimwagilia kwa ndoo na kwa pampu ndogo ya petroli. Pampu iliyo juu ya ardhi haiwezi kufyonza maji yaliyo chini zaidi ya takriban mita 7, na hata kinadharia mpaka wake ni mita 10 na kidogo tu. Kwa sababu hiyo, siku za kiangazi pampu ya petroli ilikuwa ikishushwa ndani ya kisima na kuegemezwa juu ya ubao. Jambo hili ni la hatari kubwa, maana moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na anayeshuka kisimani kuizima pampu anaweza asipande tena. Ikiwa kikundi chako kinafanya hivyo, acheni leo, hata kabla hamjapata fedha za paneli.

Kisima kina kipenyo cha mita 1.2 na kina cha mita 9. Maji yalikuwa mita 6.8 kutoka ukingoni, yaani safu ya maji ya mita 2.2. Tuliyashusha kwa mita moja na nusu, tukasimamisha pampu, kisha tukapima jinsi yanavyopanda kwa kamba yenye mafundo na jiwe. Kwa kipenyo hicho, kila sentimita 10 za maji ni takriban lita 113. Katika nusu saa maji yalipanda sentimita 80, yaani lita 900 hivi, na kwa hiyo kisima hiki hurudisha karibu lita 1,800 kwa saa pale kinapokuwa kimeshushwa sana. Kwa saa saba za jua la kutosha, hizo ni lita zisizofika 13,000 kwa siku.

Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Mboga katika jua la Malindi huhitaji takriban milimita 5 za maji kwa siku, yaani lita 20,000 kwa ekari, na ukiongeza upotevu wa njiani hata kwa umwagiliaji wa matone, hesabu inafika lita 22,000. Kikundi kilikuwa kimepanga ekari mbili, nacho kisima kinatoa maji ya nusu ekari. Majadiliano yalikuwa marefu na si wote walioridhika, lakini tumekubaliana kuanza na nusu ekari.

Kwa ushauri wa afisa wa kilimo tulinunua pia kipima chumvi cha mkononi kwa shilingi 4,800. Baadhi yetu tuliona ni anasa, kwa kuwa maji haya yamekuwa yakinywewa miaka yote na ulimi haujayalalamikia. Hupima jinsi maji yanavyopitisha umeme, maana chumvi ikizidi umeme hupita zaidi. Kipimo cha kwanza kilikuwa milisimensi 0.9 kwa sentimita. Vipimo vyote vya chumvi katika shajara hii vitatumia kizio hicho.

Kuzibua kisima na kujenga upya kuta zake kwa mawe na saruji kumegharimu shilingi 38,000. Maombi ya kibali yamewasilishwa kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kwa kuwa kuvuta maji ya kumwagilia kwa mashine ni jambo linalosimamiwa na Sheria ya Maji ya 2016.

14 Desemba 2024: Mnara wa tangi

Mfumo huu hauna betri. Umeme wa jua unasukuma maji juu mchana, na tangi ndilo linaloweka akiba. Betri zingeongeza gharama na zingehitaji kubadilishwa baada ya miaka michache, ilhali tangi la plastiki la lita 5,000, tulilolinunua kwa shilingi 42,000, halihitaji zaidi ya kuoshwa.

Mnara wa kwanza ulijengwa kwa nguzo za mvinje, mti ambao hapa kwetu unapatikana kwa urahisi na kwa bei nafuu. Gharama ilikuwa shilingi 9,500, nao ulionekana imara mpaka tulipojaza tangi kwa pampu ya petroli ili kuujaribu. Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Nguzo zilikuwa zimechimbiwa mchangani bila msingi wa zege. Kabla tangi halijafika robo tatu, nguzo ya upande wa mashariki ilikuwa imezama kiasi cha sentimita 15 na tangi likaanza kuinama. Tulifungua bomba la chini na kuyaachia maji yote. Mvinje wenyewe haukuvunjika, mchanga ndio uliokubali kubonyea.

Mnara wa pili ni wa kuta za mawe ya matumbawe yaliyochongwa, juu ya msingi wa zege, wenye urefu wa mita 3. Umegharimu shilingi 47,000. Urefu huo unatosha kwa mipira ya matone ya shinikizo dogo, na kuupandisha zaidi kungekuwa kuilazimisha pampu kufanya kazi isiyo na faida.

25 Januari 2025: Maji ya kwanza ya jua

Tumefunga paneli nne za wati 330 kila moja, kwa shilingi 54,000. Fremu ya chuma pamoja na kazi ya kuchomelea ilikuwa shilingi 21,000, na pampu ya kuzamishwa ya wati 750 pamoja na kidhibiti chake shilingi 62,000. Mabomba, waya na swichi vimekula shilingi 26,500, na mipira ya matone na chujio kwa nusu ekari shilingi 58,000. Fundi aliyefunga ana leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli, na tunawasihi wengine wasikubali asiye nayo.

Ubishi ulitokea kuhusu upande wa kuelekeza paneli. Mwezi wa Januari jua la adhuhuri hapa liko upande wa kusini, na wanachama kadhaa walisema, kwa haki kabisa kulingana na walichokiona, kwamba paneli zielekee kusini. Malindi iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Jua hutupitia utosini karibu na katikati ya Machi na tena karibu na mwanzo wa Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi liko kusini yetu, na miezi iliyobaki liko kaskazini. Kwa hesabu ya mwaka mzima tofauti ni ndogo, nasi tumezielekeza kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 12. Mwinamo huo ni kwa ajili ya mvua zaidi kuliko jua. Paneli iliyolazwa kabisa hubaki na vumbi la kaskazi na kinyesi cha kunguru, nao kunguru wa Malindi hawahitaji kuelezwa.

Tahadhari moja kwa watakaoiga: paneli nne zilizofungwa mfululizo hutoa takriban volti 184 pasipo mzigo, na umeme huo ni wa mkondo mnyoofu (DC), ambao cheche yake haijizimi upesi kama ile ya umeme wa nyumbani. Ukizima swichi, waya zinazotoka kwenye paneli hadi kwenye swichi bado zina umeme maadamu jua linawaka. Kabla ya kugusa viungio, funika paneli kwa turubai nene.

Saa sita mchana pampu ilitoa karibu lita 5,000 kwa saa. Watu walipiga vigelegele.

8 Machi 2025: Chumvi

Vigelegele vile vilitakiwa kututia shaka. Pampu inayotoa lita 5,000 kwa saa imewekwa katika kisima kinachorudisha lita 1,800, na matokeo yake yako wazi katika daftari la zamu. Pampu huanza asubuhi, na jua likikomaa humaliza maji yaliyo juu yake kwa muda usiofika dakika 40. Kihisi cha ukavu hukata umeme, kidhibiti hungoja nusu saa, pampu huwaka tena na kumaliza tena. Hali hiyo hurudiwa mpaka alasiri. Aliyetuuzia seti nzima alituuliza awali kuhusu ukubwa wa shamba na idadi ya paneli tunazoweza kulipia. Kiasi ambacho kisima kinarudisha hakikuingia katika hesabu yake, ingawa kilikuwa kimeandikwa kwenye karatasi tuliyompa.

Tangi nalo halikuwa na swichi ya boya, ile inayozima pampu maji yakijaa. Huu ni mwezi wa Ramadhani, waliofunga hupumzika mchana, na zamu ya adhuhuri imekuwa ya kulegalega. Maji yamefurika chini ya mnara siku kadhaa bila mtu kuyaona, au kwa usahihi zaidi, bila mtu kuona kuwa ni hasara, kwa sababu hayakununuliwa kwa petroli.

Kipima chumvi, kile tulichokiona ni anasa, kilisoma 1.3 katikati ya Februari na leo kimesoma 1.9. Maharage yameungua kingo za majani na mengine yamekauka kabisa. Pilipili zimedumaa. Nyanya zinavumilia, na kunde hazina habari. Mpangilio huo unakubaliana na viwango vinavyotumiwa na wataalamu wa umwagiliaji: mavuno ya maharage huanza kupungua maji yakizidi 0.7 hivi, vitunguu 0.8, pilipili 1.0, mahindi 1.1, nyanya 1.7, ilhali kunde hustahimili mpaka karibu 3.3. Kwa viwango hivyo, maharage hayakustahili kupandwa hapa hata kwa maji ya mwanzo.

Sababu ya chumvi inahitaji kuelezwa vizuri, maana ndiyo kiini cha mradi wowote wa aina hii katika ukanda wetu. Chini ya ardhi ya pwani, maji matamu yaliyotokana na mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya mchangani na katika matumbawe, kwa sababu maji ya bahari ni mazito zaidi kwa takriban asilimia 2.5. Kutokana na tofauti hiyo ndogo, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Hesabu hiyo hufanya kazi pia kwa kinyume: ukishusha uso wa maji matamu kwa mita moja na kuuweka hapo kwa muda mrefu, mpaka wa chumvi chini yake hutafuta kupanda kwa mita 40. Hauruki siku moja, lakini huinuka chini ya kisima kama kichuguu. Kwa makadirio yetu ardhi hapa iko mita 8 hivi juu ya bahari, na maji ya kisima yalikuwa mita 6.8 kutoka ukingoni, kwa hiyo uso wake ulizidi bahari kwa mita 1.2 tu. Pampu yetu ilikuwa ikiushusha mita moja na nusu, mara nyingi kwa siku. Tulikuwa tunalivuta bahari kwa umeme wa jua.

Pampu ya petroli ilikuwa na nguvu kuliko hii, na bado haikukiharibu kisima, kwa sababu kila lita ya petroli ilikuwa takriban shilingi 180 na hakuna aliyekuwa tayari kuiacha ikiunguruma bure. Uchungu wa kununua mafuta ndio uliokuwa mlinzi wa kisima, ingawa hakuna aliyeujua kwa kazi hiyo. Paneli zimemwondoa mlinzi huyo, nasi hatukuweka mwingine mahali pake.

12 Aprili 2025: Tuliyojaribu, na uamuzi

Jaribio la kwanza lilikuwa kufunga nusu ya vali ya bomba linalopanda kwenye tangi. Maji yalipungua, lakini pampu ilianza kupata joto na mtetemo, nasi tuliliacha siku hiyo hiyo.

Jaribio la pili lilikuwa kupunguza kasi ya mota kupitia kidhibiti, nalo lilishindwa kwa sababu inayofaa kujulikana. Pampu yetu ni ya mapangaboi yanayorusha maji kwa mzunguko, na uwezo wa pampu ya aina hiyo kuinua maji hupungua kwa mraba wa kasi. Ukiipunguza kasi kwa nusu, kimo inachoweza kuyafikisha maji hakibaki nusu bali robo. Sisi tunahitaji kuinua maji karibu mita 15, ukijumlisha kina cha kisima, mnara, tangi na msuguano wa bomba. Kidhibiti kilipoteremshwa chini ya kiwango fulani mota ilizunguka na maji hayakutoka kabisa. Kilipopandishwa kidogo, yalitoka mengi kupita kiasi. Kiwango cha katikati kilipatikana saa nne asubuhi na kikapotea wingu lilipopita.

Jaribio la tatu lilikuwa la zamu kali, yaani mtu wa kuwasha robo saa na kuzima dakika 45. Lilidumu kwa siku chache. Hakuna mkulima atakayekaa kando ya swichi kutwa nzima wakati shamba linangoja jembe, na mpango unaotegemea hilo si mpango.

Baada ya Idi kikao kilikaa chini ya mwembe na kuamua mambo matatu. Kwanza, pampu kubwa iuzwe. Imepata mnunuzi kwa shilingi 40,000, mwenye shamba kando ya mto Sabaki, ambako maji si haba. Pili, zinunuliwe pampu mbili ndogo za skrubu kwa shilingi 31,000 kila moja pamoja na vidhibiti. Pampu ya skrubu hutoa maji kwa kadiri ya mizunguko yake, kwa hiyo hata ikizunguka polepole maji hufika juu, ila huwa ni machache. Tatu, maji yachotwe mahali pawili. Umbali wa mita 60 kutoka kisima chetu kuna kisima cha zamani kilichoachwa, kina maji na takataka. Kuchota kidogo katika visima viwili hushusha uso wa maji kwa upole kuliko kuchota kingi katika kimoja.

Kulikuwa na pendekezo la nne, la kuchimba kisima chetu zaidi ili kiwe na maji mengi, na lilikuwa na wafuasi. Tulilipinga. Bara, kuchimba chini zaidi huweza kukupa maji zaidi, lakini hapa kunakupeleka karibu zaidi na chumvi. Mzee mmoja alikumbusha habari za Gedi, mji wa kale uliobaki magofu karibu na Malindi, ambako kushuka kwa maji ya visima ni mojawapo ya sababu zinazotajwa za mji ule kuhamwa. Sijui kama mfano huo ulistahili kisima cha nusu ekari, lakini ulimaliza ubishi.

24 Mei 2025: Pampu ndogo

Kusafisha kisima cha zamani kumegharimu shilingi 11,500. Paneli zote zimebaki kwenye fremu moja, mbili kwa kila pampu, na waya umevutwa hadi kisima cha pili. Kwa umbali huo tulitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 4, kwa shilingi 14,400. Waya wa 2.5 ungepunguza gharama, lakini ungepoteza zaidi ya asilimia 4 ya volti njiani. Swichi mbili za boya zimegharimu shilingi 2,400. Sasa tangi likijaa pampu husimama zenyewe.

Kila pampu hutoa takriban lita 1,200 kwa saa na haihitaji hata wati 200. Paneli mbili za wati 330 ni nyingi kwa pampu moja, na wingi huo una faida: pampu huanza mapema asubuhi, huendelea wingu likipita, na mtiririko wake haubadiliki sana kutoka saa tatu hadi saa tisa alasiri. Uso wa maji katika kisima cha kwanza hushuka kwa sentimita 70 hadi 75 na kutulia hapo. Kwa siku njema tunapata karibu lita 15,000 kutoka visima vyote viwili. Ni zaidi ya tulizozipata kwa pampu kubwa, ambayo muda mwingi ilikuwa ikingoja kisima kijae.

Chumvi imeshuka hadi 1.1 katika kisima cha kwanza, na 1.0 katika cha pili. Tusijisifu mapema. Masika yamekuwa yakinyesha, na mvua ya Mei peke yake huosha chumvi katika udongo na kuongeza maji matamu chini. Kipimo cha msimu wa mvua hakithibitishi pampu.

28 Juni 2025: Mnazi

Tangu mwanzoni mwa mwezi maji yalipungua karibu kwa theluthi, hali mbingu ni nyeupe. Paneli zilioshwa, viungio vikakaguliwa, na vidhibiti vikasoma volti za chini saa za adhuhuri tu. Sababu ilikuwa mnazi.

Upande wa kaskazini wa paneli, kwa umbali wa mita 6 hivi, kuna mnazi wenye urefu wa takriban mita 15. Tulipofunga paneli mwezi wa Januari, jua lilikuwa kusini na kivuli cha mnazi kilianguka upande mwingine kabisa, na hakuna aliyekifikiria. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri liko karibu nyuzi 27 kaskazini ya utosi, na mnazi wa urefu huo hutupa kivuli cha mita 7 na nusu kuelekea kusini. Ukiondoa kimo cha fremu, kilele chake kilitua barabara juu ya paneli. Kivuli cha makuti machache hakipunguzi umeme kwa kadiri ya ukubwa wake. Seli za paneli zimeungwa mfululizo, na kundi moja la seli likifunikwa, theluthi nzima ya paneli hiyo huweza kukosekana.

Kwa hiyo anayechagua mahali pa paneli katika eneo letu na akague vivuli vya pande zote mbili, kaskazini na kusini, bila kujali yuko mwezi gani.

Kuukata mnazi halikuwa jambo la msumeno tu. Pwani mtu anaweza kuwa na mnazi katika ardhi isiyo yake, na mnazi huu ni wa mzee asiye mwanachama, ambaye aliurithi. Mwenyekiti na wazee wawili walimwendea nyumbani, wakatoa shikamoo, wakanywa kahawa, na shauri halikuletwa mpaka siku ya pili. Mzee hakutaka ukatwe, kwa kuwa bado unazaa vizuri. Makubaliano ni kwamba mnazi ubaki, fremu isogezwe mita 5 kusini, na mzee apewe maji ya bustani yake. Kusogeza fremu kumegharimu shilingi 6,000. Ukitazama nyuma, lilikuwa jambo bora kuliko kuziacha paneli pale pale, kwani nazi zingeweza kuanguka juu ya paneli wakati wowote.

20 Septemba 2025: Chokaa na kutu

Mambo mawili madogo, yanayokula fedha kwa utulivu.

Matundu ya mipira ya matone yameanza kuziba kwa ukoko mweupe. Maji yanayopita katika matumbawe hubeba chokaa, na tone linapokauka mdomoni mwa tundu chokaa hubaki. Kuchoma matundu kwa sindano kulifanya yatoe maji kupita kiasi, na mistari miwili ya mipira imeharibika kwa njia hiyo. Kilichofaa ni kuingiza maji yenye asidi ya ndimu ya unga katika mipira jioni, kuyaacha usiku kucha, na kufungua ncha za mipira asubuhi ili uchafu utoke. Tumeamua kufanya hivyo mara moja kwa mwezi.

Kutu imeshambulia bolti za fremu. Tulidhani kilomita moja na nusu ni mbali na bahari, lakini pepo za kusi hazikupima umbali huo. Bolti za chuma cha kawaida zinapogusana na fremu ya alumini ya paneli katika hewa yenye chumvi, kuliwa kwa madini huenda haraka zaidi. Zimebadilishwa zote kwa bolti za chuma kisichoshika kutu, na viungio viwili vya waya vilivyokuwa na ukungu wa kijani ndani vimekatwa na kufungwa vipya. Gharama ni shilingi 5,300. Vichwa vya bolti vimechomelewa ili mwizi asizifungue kwa spana, jambo ambalo litatusumbua siku ya matengenezo, lakini hatukuona njia nyingine.

22 Novemba 2025: Hesabu

Matumizi ya awali, pamoja na mnara uliozama na kipima chumvi, yalikuwa shilingi 362,800. Marekebisho yote baada ya hapo yalikuwa 101,600, na pampu kubwa ilirudisha 40,000. Jumla ni shilingi 424,400. Kama tungeanza na pampu ndogo na mnara wa mawe, tungeokoa 31,500, bila kuhesabu maharage.

Petroli ilikuwa lita moja hivi kwa siku, takriban shilingi 65,000 kwa mwaka. Kwa akiba ya mafuta peke yake mradi utajilipa kwa miaka sita na nusu. Wauzaji hutaja muda mfupi zaidi, na huenda kwa mashamba yaliyokuwa yakichoma petroli nyingi wanasema kweli. Faida yetu kubwa imetoka kwenye mboga za miezi ambayo zamani hatukulima kabisa, lakini hesabu yake iko katika daftari la mauzo na itaandikwa hapa baada ya mwaka kamili.

Shamba sasa lina nyanya, bamia, mchicha na kunde, katika eneo linalozidi kidogo nusu ekari. Maharage hayatapandwa tena. Chumvi ilikuwa 1.2 mwishoni mwa Agosti, 1.3 mwanzoni mwa Oktoba na 1.2 juma hili, baada ya manyunyu ya vuli. Kiangazi cha Januari hadi Machi ndicho kilichotuumbua mwaka huu, na ndicho kitakachoonyesha kama pampu ndogo zinatosha kukituliza kisima. Kikao kimekubaliana kwamba kipimo kichukuliwe kila Jumamosi, na kwamba kikifika 1.5 pampu ya kisima hicho izimwe kwa siku saba, hata kama nyanya ziko katika maua. Swichi imekabidhiwa mweka hazina, ambaye ndiye aliyekuwa akinunua petroli.